Kaja na jino, mtazame mzima: mwongozo wa ushauri wa afya kwenye kliniki za meno Arusha na Moshi

Watu wazima wengi huku kwetu hawaendi hospitali mpaka wazidiwe. Presha haiumi, kisukari huanza kimyakimya, na kidonda kilichojificha chini ya ulimi hakimzuii mtu kufungua kibanda chake Kilombero au kupanga ndizi Mbuyuni. Jino ni habari nyingine. Likianza kugonga usiku, hata yule baba aliyekwepa vipimo miaka yote anapanda daladala asubuhi na mapema. Anaketi kwenye kiti chako, anafungua mdomo, na kwa muda wa nusu saa hivi ametulia mbele ya mtaalamu wa afya. Ukimng'oa jino ukamuaga, huenda asikutane na mtaalamu mwingine mpaka siku atakapobebwa.

Ndiyo maana nashikilia kwamba ushauri wa afya ya mwili ni sehemu ya kazi ya meno, na tusiufanye hisani ya siku ambayo foleni ni fupi. Ila uwe ushauri wa jambo moja, lenye kipimo, linalotekelezeka nyumbani kwa mgonjwa, na lenye mahali pa kwenda. Mhadhara wa mambo kumi unaishia mlangoni.

Mwongozo huu ni wa daktari wa meno, tabibu wa meno, muuguzi na msaidizi wa kliniki. Na wewe mgonjwa ukiusoma, utajua una haki ya kuulizwa nini.

Kwanza andaa chumba

Vifaa ni vichache. Mashine ya presha inayofungwa mkononi, yenye mkanda wa kawaida na mkanda mkubwa kwa wenye mikono minene, kwa sababu mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu isiyo ya kweli. Mashine ya kupima sukari kwa tone la damu, na vipande vyake visiwe vimepita muda. Taa nzuri, gozi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), vioo viwili vya kinywa. Fomu za rufaa ziwe zimeshachapishwa, zikae mezani.

Kitu ambacho kliniki nyingi hukisahau ni karatasi ya ukutani yenye orodha ya huduma za jirani: kliniki ya presha na kisukari iko siku gani kwenye kituo cha afya cha karibu, kliniki ya wajawazito siku gani, CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU) inafunguliwa saa ngapi, uchunguzi wa kifua kikuu unafanyika wapi. Msaidizi aende au apige simu aulize, aandike, na arudie kila baada ya miezi michache, maana siku hubadilika. Mgonjwa aliyetoka Himo au Ngaramtoni akifika siku isiyo ya kliniki, nauli imepotea na harudi tena.

Halafu kuna suala la faragha. Kama vyumba vyenu vinatenganishwa na pazia tu, maswali ya pombe, ya VVU na ya kupigwa nyumbani yasiulizwe kwa sauti ya mapokezi. Tafuteni kona.

Hatua ya 1: uliza maswali yanayojibika

Swali la "Una ugonjwa wowote?" hujibiwa "hapana" na karibu kila mtu, hata mwenye vidonge vya presha mkobani. Watu hawauhesabu ugonjwa walioshauzoea. Uliza hivi: Umewahi kuambiwa presha yako iko juu? Au sukari? Kuna dawa unayomeza kila siku, ya hospitali au ya kienyeji? Leo umekula? Umeshawahi kuvuja damu muda mrefu baada ya kung'olewa jino au kujifungua? Una kikohozi kilichokaa wiki mbili au zaidi? Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa: inawezekana una ujauzito?

Swali la chakula lina sababu yake. Wapo wanaoamini kwamba mtu wa kung'olewa jino hapaswi kula, hivyo mgonjwa wa kisukari anameza dawa zake asubuhi, anakuja na njaa, anakaa kwenye foleni mpaka saa sita, na sukari inashuka akiwa kwenye kiti. Kwa ganzi ya kawaida ya meno mtu anatakiwa aje ameshakula. Waambieni hivyo tangu wanapopiga simu kuomba nafasi.

Kuhusu dawa, mwombe akuonyeshe vidonge vyenyewe au kadi yake. Amlodipini na nifedipini, ambazo wagonjwa wengi wa presha wanazitumia, huweza kukuza fizi mpaka zikafunika sehemu ya meno. Fenitoini ya kifafa nayo hivyo hivyo. Ukiona fizi zimejaa na mgonjwa anatumia moja ya hizo, usimwambie aache. Muandikie barua daktari anayempa dawa, eleza ulichoona, yeye ndiye aamue. Na anayetumia aspirini au wafarini asiiache kwa ushauri wa jirani ati kwa sababu anakwenda kung'oa jino. Hilo ni la kuzungumza kati yako na daktari wake.

Hatua ya 2: pima presha kabla ya ganzi

Kila mtu mzima apimwe, si wale wanene tu wala wazee tu. Mgonjwa apumzike dakika 5, na asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa nusu saa kabla. Kiti cha meno kiinuliwe, mgongo uegemee, miguu isining'inie wala kukunjwa, mkono uwe usawa wa moyo, na wote wawili mnyamaze wakati mashine inasoma. Pima mara mbili, uache dakika moja au mbili katikati. Maumivu na woga hupandisha presha, kwa hiyo namba ya juu siku ya jino bovu haitoshi kumwita mtu mgonjwa wa presha. Inatosha kumtuma akapimwe siku nyingine akiwa ametulia.

Mpaka wa kukumbuka ni 140/90. Ikifika hapo au kupita, barua ya kwenda kupimwa tena. Ikifika 180/110, matibabu yasiyo ya dharura yasubiri, na mgonjwa aonwe na daktari siku hiyohiyo. Kama ana maumivu ya kifua, pumzi inabana, macho yana ukungu, kichwa kinauma vibaya au upande mmoja wa mwili umelegea, hiyo ni dharura. Asiachwe aondoke peke yake kwa bodaboda.

Sukari haina haja ya kupimwa kwa kila mtu. Mpime mwenye fizi zinazotoa usaha mara kwa mara, meno yanayolegea akiwa bado kijana, kidonda cha jino kisichopona, fangasi ya kinywa, au anayesema ana kiu sana, anakojoa sana usiku na amepungua bila sababu. Namba ya 11.1 mmol/L au zaidi wakati wowote wa siku, pamoja na dalili hizo, inaelekeza kwenye kisukari. Kwa aliyelala bila kula mpaka asubuhi, mpaka ni 7.0. Kuthibitisha ni kazi ya kliniki ya kisukari. Kazi yako ni kuhakikisha amefika huko.

Hatua ya 3: soma kinywa chote, si jino lililomleta

Uchunguzi huu unachukua dakika mbili ukiwa na utaratibu uleule kila siku. Midomo nje na ndani, mashavu, kaakaa, koo. Shika ncha ya ulimi kwa gozi, uuvute taratibu kulia na kushoto uone pembeni, kisha ainue ulimi uone sakafu ya kinywa. Malizia kwa vidole chini ya taya na shingoni kutafuta matezi. Pembeni mwa ulimi na sakafu ya kinywa ndipo saratani hupenda kuanzia, na ndipo ambapo mgonjwa mwenyewe hawezi kupaona kwenye kioo cha nyumbani.

Kidonda, baka jeupe au jekundu, au uvimbe: ondoa kinachokwaruza, kama jino lenye ncha au meno ya bandia yanayobana, na mpe tarehe ya kurudi baada ya wiki 2. Kama bado kipo, barua ya kwenda kuchukuliwa kipimo cha nyama, na KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Moshi, ni mahali pa kwanza pa kufikiria kwa mikoa hii miwili. Usimwandikie antibayotiki ya pili na ya tatu huku wiki zinakwenda.

Utando mweupe unaofutika na kuacha wekundu ni fangasi. Kwa mtu mzima asiye na sababu nyingine, kama meno ya bandia au dawa ya kuvuta ya pumu, ni lazima ufikirie kisukari na VVU. Madoa ya zambarau kwenye kaakaa au fizi, na fizi zinazooza ghafla zenye harufu kali, nazo zinataka kipimo cha VVU. Namna ya kulisema: "Nimeona kitu ambacho mara nyingine hutokea kinga ya mwili ikishuka. Zipo sababu kadhaa, na mojawapo tunaweza kuijua kwa kipimo cha dakika chache. Ningependa upime." Usiseme zaidi ya hapo mbele ya ndugu aliyemsindikiza, hata awe mke au mume.

Meno ya juu yaliyolika upande wa ndani, kwenye kaakaa, ni dalili ya asidi ya tumbo inayopanda. Muulize kiungulia na vidonda vya tumbo. Ulimi uliopauka na kuwa laini, pembe za mdomo zilizochanika: kama ni mwanamke, muulize kuhusu hedhi nzito na umshauri apime wingi wa damu.

Hatua ya 4: chagua wakati, omba ruhusa, sema jambo moja

Mgonjwa mwenye maumivu hasikii, na aliyeng'ata pamba hawezi kujibu. Dakika zenye faida ni zile mnazosubiri ganzi ishike. Maumivu yameanza kuondoka, mgonjwa ameshaona kwamba sindano haikuwa ya kutisha alivyofikiri, na nyote wawili hamna la kufanya. Wengi wetu tunazitumia kuangalia simu.

Chukua mzee aliyetoka Marangu kwa jino la chini, na umekuta ndani ya mdomo wake wa chini pamekunjamana na kuwa peupe.

"Mzee, shikamoo tena. Nikuulize jambo moja la afya yako wakati tunasubiri?"

"Marahaba mwanangu. Uliza."

"Hapa ndani ya mdomo, ndipo unapoweka ugoro?"

"Hapohapo. Tangu ujana."

"Ngozi yake imebadilika. Sisemi ni ugonjwa mbaya. Ila ningependa pakae wiki mbili bila ugoro, halafu urudi nipaone. Pasipokuwa pamerudi sawa, wenzetu wa KCMC watachukua kipande kidogo wakipime."

"Wiki mbili ni nyingi, mwanangu."

"Ni kweli, si jambo jepesi. Nini kinaweza kukusaidia?"

"Labda kile kikopo nimpe bibi yenu anifichie. Na yeye atafurahi sana."

Ruhusa imeombwa, kinachoonekana kimetajwa bila vitisho, muda umewekwa, na njia ya kuacha ameileta mwenyewe. Angeambiwa "kampe mkeo kikopo", pengine angekataa kwa heshima tu. Mzee wa Kichaga, wa Kimeru au wa Kimaasai hataki kuamriwa na kijana mwenye koti jeupe, lakini akiulizwa anafikiri.

Dakika mbili au tatu zinatosha. Ukiona mambo matatu, anza na lile la hatari zaidi, mengine yaandike kwenye faili kwa siku ya kurudi.

Hatua ya 5: mambo ya kushauri, na namna ya kuyasema huku kwetu

*Sukari.* Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isipite sehemu ya kumi ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ikishuka chini ya nusu ya hapo, yaani kama gramu 25 au vijiko 6 vya chai kwa siku, ni bora zaidi. Soda moja ya chupa ya kioo peke yake hupita gramu 30. Lakini usianze na gramu. Uliza: "Chai unaweka vijiko vingapi? Unakunywa vikombe vingapi?" Vijiko 3 mara vikombe 4 ni 12, na mgonjwa atapiga hesabu mwenyewe na kushtuka mwenyewe. Mshauri apunguze nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Soda akiitaka, ainywe pamoja na chakula, asiinywe kidogokidogo mchana kutwa dukani, maana kila funda huamsha asidi upya kwenye meno. Asali na juisi ya boksi nazo ni sukari. Maji, maziwa mgando yasiyotiwa sukari, loshoro (mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando) na tunda zima havina shida.

Kwa mwenye kisukari sema pia kwamba mambo haya huenda kwa pande zote mbili. Sukari ya juu hudhoofisha kinga ya fizi, na fizi zenye uvimbe hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Kuondolewa ugaga na kupiga mswaki vizuri husaidia kidogo hata kwenye kipimo cha sukari cha miezi mitatu. Wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa hili, na huwapa ari.

*Maji, floridi na magadi.* Hili ni letu hasa. Miamba ya volkano ya Mlima Meru huacha floridi nyingi kwenye chemchemi na visima vingi vya Arumeru na maeneo ya jirani, na matokeo yake ni meno ya kahawia ambayo wageni huyatambua mara moja. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo huku vinavyopita hapo mara kadhaa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huingia mpaka kwenye mifupa na kukakamaza viungo.

Rangi ile huingia jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya taya, kwa hiyo umri wa hatari ni tangu kuzaliwa mpaka miaka 8 hivi. Mtu mzima mwenye meno ya kahawia si mchafu, na kusugua kwa mkaa au mchanga kutamlia jino bure. Mwambie hivyo waziwazi. Kuna wasichana wamejifunza kucheka wakiwa wamefunika mdomo kwa kiganja, na neno hilo kutoka kwako lina uzito. Kisha geuza mazungumzo yaende kwa watoto walioko nyumbani. Maji ya mtoto mdogo ya kunywa na ya kupikia uji yatoke kwenye chanzo chenye floridi ndogo. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa. Kuchemsha kunaua vijidudu, floridi inabaki palepale, tena inazidi kukolea maji yanavyopungua. Chujio la mkaa wa mifupa huipunguza, na Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji kinachoshughulikia kazi hiyo kwa miaka mingi. Visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo shauri maji yapimwe kupitia mamlaka ya maji au RUWASA, wakala wa maji vijijini, watu wasikisie kwa ladha.

Halafu magadi. Jiwe lile linalotiwa kwenye makande na maharage ili yaive upesi lina floridi nyingi, na ni chumvi ya sodiamu, hiyohiyo tunayomkataza mgonjwa wa presha. Kwenye nyumba moja bibi ana presha na mjukuu anaota meno ya kudumu, na wote wanakula sufuria moja. Ushauri mmoja unawafaa wawili: maharage na mahindi yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yapikwe bila magadi. Gharama ya kuni au gesi itapanda kidogo, usilifiche hilo, lakini kuloweka kunarudisha sehemu kubwa ya muda.

Dawa ya meno yenye floridi isikatazwe. Kwa mtoto chini ya miaka 3 itoshe kiasi cha punje ya mchele, baada ya hapo punje ya njegere, na mtoto afundishwe kutema.

*"Meno ya plastiki."* Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, bado kuna wanaoamini kwamba vile vivimbe vyeupe kwenye fizi ni meno ya plastiki yanayomla, na anapelekwa kwa mtu wa kuyachokoa kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli. Vivimbe vile ni meno ya kawaida ya mtoto yanayojiandaa kutoka. Kuyachokoa kunaleta kutoka damu, maambukizi, pepopunda, na wapo watoto wanaokufa. Kinachomuua mwenye kuharisha ni kupungukiwa maji, na siku zilizopotea kwa mganga ndizo alizohitaji.

Ukimwona mtoto wa miaka mitatu hana meno ya chonge na mahali pake pana kovu, usimkaripie mama. Alifanya alilofanya kwa sababu mtoto alikuwa anakufa machoni pake. Muulize nani alimshauri, na mdogo wake akiugua atafanyaje. Kisha mpe hatua: aendelee kunyonyesha, ampe maji ya chumvichumvi ya paketi (ORS), afuate vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14 kituoni, na mtoto mwenye homa apimwe malaria. Asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepata degedege au aliyelegea hangoji asubuhi. Kama bibi mzaa baba amekuja naye, zungumza naye kwanza, kwa shikamoo na kwa utulivu, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye mwenye uamuzi.

Kukata kimeo ni ndugu yake. Ukikuta kimeo kimekatwa, ujue nyuma yake kulikuwa na kikohozi kisichoisha. Kikohozi cha wiki mbili kinapimwa kifua kikuu, hasa kwa waliofanya kazi kwenye mashimo ya Mirerani, kwa kuwa vumbi la mawe lile huumiza mapafu na kufungua njia kwa ugonjwa huo. Dawa za kifua kikuu ni bure, na Kibong'oto, wilayani Siha, ni hospitali inayobobea kwenye maradhi haya.

*Tumbaku na pombe.* Maelekezo ya baada ya kung'oa jino tayari yana mlango: "usivute siku tatu, shimo litakauka na kuuma vibaya." Akishapita siku hizo tatu, muulize kama angependa ziendelee. Kwa pombe usiulize "unakunywa?" bali "kwa wiki unakunywa siku ngapi, na siku hiyo kiasi gani?" Mbege nayo ni pombe, hata ikiitwa chakula. Tumbaku na pombe zikikutana kwenye kinywa kimoja, hatari ya saratani inapanda kuliko kila moja ikiwa peke yake, na hili liseme kwa maneno hayohayo.

*Wajawazito.* Fizi zao huvimba na kutoka damu kwa urahisi, na wengi huacha kupiga mswaki wakidhani wanajiumiza. Wapige mswaki laini, waje wasafishwe, na jino bovu litibiwe. Miezi ya katikati ndiyo ya raha zaidi kwa matibabu, ila usaha hausubiri. Tetrasaiklini hapana, na ibuprofeni miezi ya mwisho hapana. Muulize ameshaanza kliniki lini.

*Antibayotiki za dukani.* Amoksilini nusu dozi kutoka duka la dawa haizibi jino lililotoboka. Mwambie kinachotibu ni kufungua, kuziba au kung'oa.

Hatua ya 6: barua yenye maana

"Nenda hospitali" si rufaa. Barua iwe fupi na msomaji wake aweze kuanza kazi. Mfano:

"Mwanamke, miaka 52. Amekuja leo kwa maumivu ya jino la chini kulia. Presha baada ya kupumzika: 172/104 na 168/102. Hajawahi kuambiwa ana presha, hatumii dawa. Hana maumivu ya kifua wala ukungu machoni. Jino limeng'olewa bila tatizo. Naomba apimwe zaidi na kutibiwa mtakavyoona inafaa. Tafadhali andikeni majibu mafupi nyuma ya karatasi hii airudishe kwetu."

Anza na karibu. Presha na sukari zinamalizwa kwenye kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Hospitali za mkoa, Mount Meru ya Arusha na Mawenzi ya Moshi, ziwe za yale yanayohitaji zaidi, na KCMC ya mabingwa. Kumtuma kila mtu juu ni kumchosha na kumgharimu. Kabla hajatoka, muulize arudie kwa maneno yake: anakwenda wapi, siku gani, kufanya nini.

Mipaka

Usibadilishe dawa ya mwingine. Usitamke ugonjwa ambao hujauthibitisha. Usizungumzie unene wa mtu aliyekuja na jino bila kuomba ruhusa.

Meno yaliyovunjika, taya lililopasuka, midomo iliyochanika: ajali za bodaboda ni nyingi na neno la kofia ngumu linafaa, lakini si kila jeraha ni pikipiki. Mtoe aliyemsindikiza, kwa kisingizio cha picha ya eksirei kama huna kingine, kisha uliza kwa upole: "Kuna mtu amekuumiza?" Akikubali, mtibu kwanza. Mweleze kuhusu PF3, fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kwa mtoto ipo namba 116 ya bure. Mwanamke mzima aachiwe aamue lini na vipi, na usimpe karatasi itakayomponza ikikutwa mfukoni. Andika majeraha kwenye faili kwa vipimo na mahali yalipo, maana siku moja faili hilo linaweza kuwa ushahidi wake.

Hatua ya 7: fuatilia

Daftari moja linatosha: tarehe, namba ya faili, ushauri uliotolewa, barua ilikokwenda, tarehe ya kuuliza. Anayerudi kutolewa nyuzi baada ya wiki aulizwe kabla hajaketi: "Ile presha ulienda?" Kama hakwenda, tafuta kilichomzuia badala ya kurudia ushauri uleule. Huenda ni nauli, huenda foleni, huenda anaogopa kuambiwa anywe dawa maisha yake yote. Kila kimoja kina jibu lake, na la mwisho linahitaji mkae chini.

Wasiorudi wapigiwe simu, kama walikubali namba zao zitumike. Tengeni mchana mmoja wa wiki ambao foleni hupungua, muuguzi afungue daftari na aanze na wale wenye vidonda vya kinywa ambao wiki zao mbili zimeshapita.